Kituo kilichofichwa, njia sita: sensa gani za kutambua treni?

NjiaYaPili

Wakuu, naomba msaada wa wenye uzoefu na reli za modeli. Mpangilio ni wa HO (kipimo cha 1:87), unaendeshwa kwa DCC (amri za kidijitali zinazopita relini pamoja na umeme) ya volti 15 relini, na busta, kile kifaa kinachoipa reli umeme, inakata umeme mkondo ukifika ampea 5. Chini ya meza kuna kituo kilichofichwa chenye njia sita, kila moja mita 2.2. Ukiwa juu huoni chochote, kwa hiyo lazima sensa ziseme njia ipi ina treni. Pia treni inayoingia inatakiwa isimame kabla haijagonga kizuizi cha mwisho, huku behewa lake la nyuma likiwa limeshavuka pointi (mahali reli zinapogawanyika) ya kuingilia.

Kwa sasa mwisho wa kila njia kuna TCRT5000 (sensa ya infraredi inayosoma mwanga wake ukirudi) katikati ya reli mbili, ile moduli yenye komparata (kilinganishi cha volti) ya LM393 na kiskrubu cha kurekebisha. Zote zimeungwa kwenye Arduino Mega, bodi ndogo ya kuprogramu. Matatizo ni haya:

- Mabehewa yenye tumbo jeusi hayaonekani kabisa, mengine yanaonekana vizuri.
- Treni ikipita, ishara inawaka na kuzima mara nyingi badala ya kuwaka mara moja.
- Mchana, njia mbili zilizo karibu na dirisha zinasoma "ina treni" wakati ni tupu.

Je, nibadilishe aina ya sensa? Kupima mkondo wa umeme kunatosha peke yake? Na zile rezista zinazobandikwa kwenye ekseli za mabehewa ili yavute umeme kidogo, ni lazima kweli?

---

Mataruma

Mkuu, una maswali mawili na unaiuliza sensa moja. "Kuna kitu kwenye njia hii?" ni swali la urefu wote wa mita 2.2. "Kichwa kimefika hapa?" ni swali la nukta moja. TCRT5000 inajibu la pili tu. Treni fupi ikisimama katikati, au mabehewa mawili yakikatika na kubaki nyuma, sensa ya mwisho itasema njia ni tupu na utaingiza treni nyingine juu yake.

Kwa swali la kwanza pima mkondo, kwa la pili tumia mwale unaokatika (LED upande mmoja wa njia, kipokezi upande wa pili, treni ikipita inaukata). Weka vyote viwili kwenye kila njia. Ni ingizo 12 tu, na Mega ina pini za kidijitali 54.

Kwa nini TCRT5000 inakusumbua: inategemea mwanga wake uliorudi. Inafanya kazi vizuri zaidi kitu kikiwa milimita 2.5 kutoka kwenye uso wake, na baada ya hapo nguvu inashuka haraka. Tumbo la behewa la HO liko karibu sentimita moja juu ya sensa, tena likiwa jeusi lisilong'aa halirudishi karibu chochote. Kukaza kile kiskrubu mpaka behewa jeusi lionekane ndiko kunakofanya jua la dirishani litoshe kuiamsha. Hakuna nafasi katikati. Taa za LED za chumbani hazina tatizo, maana hazitoi infraredi ya maana. Jua na balbu za halojeni ndizo adui.

Ukitaka kuziokoa, bandika kipande cha karatasi nyeupe chini ya kila behewa jeusi na ufunike upande wa dirisha. Lakini kwa kituo kilichofichwa mimi nisingeziacha hata hivyo, na sababu ni moja nzito: sensa ya aina hii LED yake ikiungua au waya wake ukikatika, inasoma "tupu". Sensa ya mwale unaokatika ikiharibika vivyo hivyo, inasoma "ina treni". Ya pili inasimamisha treni, ya kwanza inagonganisha. Mahali usipopaona kwa macho, chagua ile ambayo kosa lake linasimamisha.

---

fundi_dekoda

Naunga mkono mgawanyo huo. Acha nieleze upande wa mkondo kwa kina, kwa sababu hapo ndipo watu hukwama.

Kwanza kata reli. Njia moja ni kipande kimoja: weka viungo vya plastiki kwenye reli moja tu, reli ileile kwa njia zote sita, na reli ya pili ibaki ya pamoja. Ile iliyokatwa ipate umeme kupitia kitambuzi pekee. Kama kuna waya mwingine wa zamani unaoingiza umeme baada ya kitambuzi, mkondo utapita huko na kitambuzi hakitaona kitu. Hilo ndilo la kukagua kwanza njia "isipoona".

Kitambuzi rahisi ni cha dayodi. Kwa kila njia unahitaji:

- dayodi 4 za 1N5400 (ampea 3). Usitumie 1N4001, ni za ampea 1, na busta yako itapitisha ampea 5 kabla ya kukata.
- optokapla 1 (kipande kinachopitisha ishara kwa mwanga bila nyaya kugusana) ya PC814, ile yenye LED mbili ndani zinazoelekeana, kwa sababu umeme wa DCC unabadilika mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde
- rezista ya omu 47 mfululizo na optokapla
- rezista ya kilo-omu 47 na kapasita ya mikrofaradi 1 upande wa Arduino

Unga dayodi mbili mfululizo zikielekea mbele, na mbili nyingine mfululizo sambamba nazo zikielekea nyuma. Mkondo wote wa njia upite humo. Treni ikiwapo, kunabaki kama volti 1.2 hadi 1.5 juu ya dayodi hizo, nayo inatosha kuwasha LED ya optokapla kupitia ile omu 47. Upande wa pili, kolekta ya optokapla iende kwenye pini, kilo-omu 47 kutoka kwenye pini hadi volti 5, kapasita kutoka kwenye pini hadi graundi, emita graundi. Pini iwekwe INPUT ya kawaida, si INPUT_PULLUP, maana ile rezista ya ndani ya Arduino ni kilo-omu 20 hadi 50 na itaomba mkondo mkubwa zaidi kutoka kwa optokapla. Kilo-omu 47 na mikrofaradi 1 zinakupa kuchelewa kwa milisekunde 47 wakati wa kuachia, na hizo zinaziba matobo ya gurudumu chafu.

Kuhusu rezista za ekseli: kama mabehewa yako hayana taa, ndiyo, ni lazima. Behewa lisilotumia umeme halionekani kwa kipimo cha mkondo. Kichwa kikiwa kimesimama, dekoda yake (saketi ya ndani inayopokea amri za DCC) inavuta miliampea kadhaa, hivyo chenyewe kinaonekana. Mabehewa yaliyokatika nyuma hayataonekana bila rezista, na hayo ndiyo ya hatari.

Ekseli moja yenye kilo-omu 10 kwenye volti 15 inapitisha karibu miliampea 1.5. Kiasi hicho ni cha ukingoni kwa saketi ya dayodi, kwa kuwa sehemu ya mkondo inapita kwenye dayodi zenyewe. Weka ekseli mbili kwa kila behewa, moja kwa kila bogi, upate miliampea 3. Joto lisikutishe: kila rezista inatoa miliwati 22 na ushei, na rezista bapa ya 0805 inavumilia miliwati 125. Usishuke chini ya kilo-omu 4.7, treni ya mabehewa 20 yenye ekseli mbili za kilo-omu 10 tayari inakula miliampea 60 bila kufanya kazi yoyote.

---

KoiliElfu

Saketi ya fundi_dekoda inafanya kazi, ila bei yake ni volti. Kila kipande chenye dayodi kinapoteza volti 1.4 hivi, na kisicho nazo hakipotezi. Treni ikitoka kwenye kipande kimoja kwenda kingine utaona kichwa kikiongeza au kupunguza mwendo, hasa chenye dekoda isiyosawazisha mota. Tiba ni kuweka dayodi zilezile hata kwenye vipande usivyovipima. Pia ukitumia RailCom (dekoda kurudisha taarifa kupitia reli), dayodi zinaivuruga.

Njia nyingine ya kupima mkondo ni koili, nayo haigusi umeme wa reli. Unapitisha waya wa njia katikati ya koili, basi. Koili ya ZMCT103C ina uwiano wa 1000 kwa 1. Zungusha waya mara 6 ndani ya tundu lake. Kichwa kinachovuta miliampea 100 kitatoa miliampea 0.6 upande wa pili, na juu ya rezista ya kilo-omu 1 hiyo ni volti 0.6. Hapo huhitaji ujanja.

Ila ekseli moja ya kilo-omu 10 itatoa milivolti 9 tu. Wengi hununua koili, huona kichwa kinatambulika, halafu hulaumu rezista za mabehewa. Rezista hazina kosa, saketi haina ukuzaji. Weka hatua mbili za kikuza ishara cha LM358, kila moja ikikuza mara 10, kisha dayodi na kapasita ya kunyoosha, kisha komparata ya LM393 yenye kiskrubu cha kuweka kiwango. Usijaribu kukuza mara 100 kwa hatua moja. LM358 haina kasi ya kutosha kwa mawimbi ya DCC, ambayo yako kati ya kilohezi 5 na 8.6.

Kwa kuwa koili ina kiskrubu, pima hivi: njia ikiwa tupu, gusisha rezista ya kilo-omu 10 juu ya reli mbili, mwanzo, katikati na mwisho wa njia. Lazima isome "ina treni" pote. Badilisha na kilo-omu 33, isisome. Ikisoma, kiwango kiko chini mno na unyevu wa kokoto utakudanganya siku moja. Gundi ya maji ya kokoto ikiwa haijakauka inapitisha umeme, kwa hiyo usirekebishe chochote kabla haijakauka kabisa.

Anayetumia dayodi hana kiskrubu. Anaweza kuweka kilo-omu 2.2 sambamba na LED ya optokapla. Inanyonya nusu miliampea ya mwanzo, na uvujaji mdogo hauiwashi tena.

Jambo la mwisho kwa wote wawili: kitambuzi kikae karibu na njia yake. Nyaya mbili ndefu zilizolala pamoja *baada* ya kitambuzi zina uwezo wa kapasita, na kila DCC inapogeuka zinavuta mkondo mdogo. Njia inasoma "ina treni" huku hakuna hata gurudumu. Mita 3 baada ya kitambuzi ni mwisho. Waya mrefu uwe kabla yake.

---

KaguaReli

Upande wa mwale. Usiuelekeze mwale kwa pembe mraba na reli. Ukiuelekeza hivyo utapita kwenye nafasi kati ya behewa na behewa, na ishara itarukaruka kama ilivyo sasa. Ulaze kwa nyuzi 45. Behewa la HO lina upana wa kama milimita 35, kwa hiyo mwale wa nyuzi 45 unasafiri milimita 35 kando ya treni kabla haujatoka upande wa pili. Nafasi ya milimita 15 kati ya mabehewa haiwezi kuuachia njia. Kila wakati kuna behewa moja mbele yake. Kimo kiwe milimita 10 hadi 13 juu ya kichwa cha reli. Ukiweka juu zaidi, behewa bapa lisilo na mzigo litapita chini ya mwale bila kuonekana.

Jua: tumia mwale unaopigwa kwa kilohezi 38 na kipokezi cha TSSP4038. Angalia namba vizuri. Vipokezi vya rimoti kama TSOP4838 vinafanana kwa sura, lakini vimetengenezwa kupuuza mwale usiokoma. Ukivitumia vitaona mwale kwa muda mfupi kisha vitasema umekatika. TSSP4038 imetengenezwa kwa kazi hii hasa.

Ubaya wake ni kwamba ni nyepesi mno kuhisi, inaona kwa mita kadhaa. Kwenye njia sita zilizo sambamba, LED ya njia ya 1 itaangaza kipokezi cha njia ya 2 na hata cha 3. Fanya mambo matatu:

1. Vika LED na kipokezi mirija myeusi ya kupashwa joto, urefu wa sentimita 1.5. Plastiki nyeusi nyingine hupitisha infraredi, kwa hiyo jaribu kwanza kwa kuziba LED kabisa na kipande cha mrija huo uone kama kipokezi kinanyamaza.
2. Punguza mkondo wa LED. Anza na kilo-omu 1 kwenye volti 5 badala ya omu 150.
3. Washa LED moja kwa wakati. Milisekunde 1 kuwasha na kusoma, milisekunde 1 kuzima, halafu inayofuata. Njia sita zinaisha kwa milisekunde 12.

Hiyo ya tatu ina faida ya ziada. LED ikiwa imezimwa, soma kipokezi chake tena. Kikisema kinaona mwale, basi kinaangazwa na kitu kingine au kimeharibika, na programu ikatae kuiamini njia hiyo.

Milisekunde 12 ni kidogo sana: treni ya HO kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa wa kimodeli inakwenda sentimita 19 kwa sekunde, hivyo kwa muda huo imesogea milimita 2.3.

---

NjiaYaPili

Nashukuru sana wakuu, nimeelewa kwa nini TCRT5000 haziwezi. Nitakwenda na dayodi kwa sababu RailCom situmii. Maswali mawili yamebaki. Rezista ya ekseli inafungwaje isitoke? Na mwale uwe umbali gani kutoka kwenye kizuizi? Dekoda zangu zina CV4 (mpangilio wa dekoda wa kushusha mwendo polepole) ya 5.

Halafu, vipi kuhusu sumaku na swichi ya mwanzi badala ya mwale?

---

fundi_dekoda

Ekseli: magurudumu lazima yawe ya chuma. Mengi yana gurudumu moja lililotengwa na ekseli kwa kipete cha plastiki. Rezista inaruka kipete hicho. Yakiwa yametengwa yote mawili, inabidi uunganishe upande wa pili pia. Safisha grisi kwa spiriti, kwaruza weusi wa gurudumu na ekseli mpaka chuma king'ae. Bandika rezista ya 1206 (kubwa kidogo, rahisi kushika) juu ya ekseli kwa tone dogo la supaglu, ncha moja ikigusana na uso wa ndani wa gurudumu. Ikikauka, paka rangi inayopitisha umeme kila ncha: moja hadi gurudumuni, nyingine hadi kwenye ekseli. Iache ikauke usiku kucha, kisha pima. Kati ya kilo-omu 9 na 11 ni sawa. Mita isiposoma kitu, rangi haijashika. Ikisoma omu chache, rangi imepita chini ya rezista, ifute urudie. Zungusha gurudumu ndani ya bogi uhakikishe rezista haikwanguzi fremu.

Kama treni zako hazivunjwi wala kupangwa upya, behewa la mwisho na la katikati yanatosha. Kama unabadilisha mabehewa, fanya yote.

---

KaguaReli

Umbali unahesabika. CV4 ikizidishwa kwa 0.896 ndiyo sekunde za kushuka kutoka mwendo wa juu kabisa hadi sifuri. CV4 ya 5 ni sekunde 4.5 hivi. Ukiingia kwa nusu mwendo, ni sekunde 2.24. Nusu mwendo ikiwa sentimita 19 kwa sekunde, treni itasogea 19 × 2.24 ÷ 2, yaani sentimita 21 baada ya amri. Ongeza sentimita 10 za akiba kwa dekoda inayotofautiana na nyingine: mwale uwe sentimita 31 kabla ya kizuizi.

Hizo ni sentimita 31 za njia unazozipoteza. Ukitaka kuzipata, weka mwale wa pili. Wa kwanza, karibu na katikati ya njia, unashusha mwendo hadi hatua ya chini kabisa ambayo kichwa kinatambaa bila kukwama. Wa pili, sentimita 8 kabla ya kizuizi, unasimamisha. Usitumie amri ya kusimama kwa dharura kama njia ya kawaida. Inapuuza CV4 na mabehewa mepesi huanguka kwenye kona.

Sumaku: swichi ya mwanzi na sensa ya Hall zinaona sumaku tu. Zinafaa kwa kupiga honi, kufunga geti la njia panda, kujua kichwa kimepita. Kwa kusimamisha treni zinafaa kama kila kichwa kina sumaku, na siku utakapoazima kichwa cha mwenzako kitapita moja kwa moja hadi kizuizini. Ukizitumia kwingine, kumbuka sensa ya Hall ya A3144 inaamka kwa ncha ya kusini pekee ikielekea upande wenye maandishi. Swichi ya mwanzi ya kioo nayo hupasuka ukikunja mguu wake bila kuushika kwa koleo karibu na kioo.

---

Mataruma

Naongeza upande wa programu, kwa sababu sensa nzuri zinaharibiwa hapo.

"Ina treni" ikubaliwe papo hapo. "Tupu" ikubaliwe baada ya sensa kunyamaza mfululizo: sekunde 1 kwa mkondo, sekunde 1.5 kwa mwale. Usizipe pande zote mbili muda sawa. Kuchelewa kuona treni ni hatari, kuchelewa kuiachia ni subira tu. Na usitumie delay() kusubiri, maana Mega itakuwa kipofu kwa njia nyingine zote kwa muda huo. Hifadhi saa ya millis() ya mara ya mwisho kila sensa ilipowaka, kisha linganisha.

Nyaya: za vipokezi vya mwale ukizivuta mita 2 au 3 kando ya waya mkuu wa DCC, zitaokota kelele. Weka kilo-omu 4.7 kwenda volti 5 na nanofaradi 100 kwenda graundi, vyote karibu na pini ya Mega, na usokote kila waya wa ishara na waya wake wa graundi. Inapobidi kukutana na waya wa DCC, zikatane kwa pembe mraba. Graundi ya Arduino isiungwe na reli popote. Kazi ya optokapla ni kutenganisha hizo mbili.

Na hili wengi hawalikumbuki mpaka siku busta ikikata umeme kwa shoti: umeme wa reli ukizimika, hakuna mkondo popote, na vitambuzi vyote sita vinasema "tupu" kwa pamoja baada ya ile sekunde 1. Umeme ukirudi, programu inaweza kuwa imeshageuza pointi na kuita treni nyingine kwenye njia iliyojaa. Tumia optokapla ya saba: LED yake moja kwa moja juu ya waya mkuu wa DCC kupitia rezista ya kilo-omu 4.7. Hiyo inasema kama reli ina umeme. Ikizima, ganda hali zote za njia kama zilivyokuwa. Ikiwaka tena, subiri sekunde 2 dekoda ziamke, ndipo uanze kusoma upya. Hakikisha kapasita ya optokapla hiyo ni ndogo, nanofaradi 100, ili igundue kukatika kwa umeme kabla zile sita hazijaachia.